Msimu wa nne ulituchosha: je, Arrow msimu wa tano unafaa bando?

SWALI: Mimi na dadangu tulifuata Arrow tangu enzi za kujaziwa muvi kwenye flashi hapa Nakuru. Msimu wa nne ukatushinda. Laurel alipouawa dadangu akaapa hatazami tena, nami nikaacha. Sasa tunaambiwa msimu wa tano ulirudi na moto. Kaka yetu mkubwa anatucheka. Anasema Heroes nayo iliahidi kurudi vizuri baada ya msimu wa pili, ikazidi kuoza. Bando si bure. Je, tamthilia ya mashujaa ikishaharibika hupona kweli? Na nitajuaje kabla sijamaliza pesa?
Msomaji, Kaptembwo, Nakuru

JIBU: Rudi, na umwambie dadako naye arudi. Msimu wa tano wa Arrow unafaa bando, na kwa maoni yangu unakaa bega kwa bega na ule wa pili ambao kila shabiki huusifu. Ila kaka yenu hajakosea hata kidogo kuhusu Heroes. Zote mbili zilichafuka, zote mbili zikaahidi kujirekebisha, moja ikainuka na nyingine ikazama. Kazi yangu hapa Kisumu ni kuhariri miswada ya tamthilia na kuwafunza vijana kuiandika, na jambo ninalolirudia kila muhula ni hili: tamthilia iliyoharibika haiponi kwa kuongezewa vitu.

Nianze na hoja ya kaka mkubwa, kwa sababu yeye ndiye mwenye ushahidi.

Heroes, kazi ya Tim Kring, ilianza kuonyeshwa na NBC Septemba 2006, na usiku wa kwanza ilitazamwa na watu takriban milioni 14 Marekani. Msimu ule wa kwanza ulibebwa na swali moja: New York italipuka, nani ataulipua mji huo na nani atazuia? Isaac, mchoraji, alikuwa ameuchora mlipuko wenyewe kwenye sakafu ya chumba chake. Polisi wa Los Angeles, karani wa Tokyo, msichana wa shule kule Texas, muuguzi wa New York, kila mmoja alikuwa na shida zake za nyumbani, lakini kila hatua aliyopiga ilimsogeza karibu na ile sakafu. Ndiyo maana ungeweza kukaa na wahusika chungu nzima usiowajua na usipotee.

Msimu wa pili ukaja Septemba 2007 bila swali la namna hiyo. Hiro, yule karani, akatupwa Japani ya mwaka 1671 akabaki huko sehemu baada ya sehemu. Maya na kaka yake Alejandro, wahusika wapya, wakawa wanasafiri kuelekea Marekani wiki nenda wiki rudi. Claire, yule msichana wa Texas, akapata mpenzi anayeruka angani. Peter, yule muuguzi, akapoteza kumbukumbu, akazindukia Ireland, akapata mpenzi naye, jina lake Caitlin. Kulikuwa na tishio, virusi vya kuua watu dunia nzima, lakini lilifika mezani wageni wakiwa wameshavaa viatu. Novemba 2007 Kring mwenyewe alilikiri hilo katika mahojiano na jarida la Entertainment Weekly: mwendo ulikuwa wa polepole mno, Hiro alikaa Japani kupita kiasi, mapenzi hayakushika, na wahusika wapya waliingizwa vibaya.

Papo hapo waandishi wa Marekani wakagoma, kuanzia tarehe 5 Novemba 2007 hadi 12 Februari 2008. Msimu uliopangiwa sehemu 24 ukakatika kwenye 11. Kuna kisa kimoja kinachoonyesha vizuri uharibifu uliotokea. Mwisho wa awali wa msimu ulikuwa umeshapigwa picha: chupa ya virusi inaanguka, inapasuka, na nusu ya pili ya msimu ingeshughulikia mkurupuko wa ugonjwa. Mgomo ulipobisha hodi wakapiga mwisho mwingine haraka. Peter anaidaka chupa, anaiharibu, ugonjwa hautatokea tena. Sawa. Lakini Caitlin alikuwa ameachwa katika wakati ujao, ule wenye ugonjwa. Wakati ujao ukafutika na msichana akafutika nao, na mpenzi wake hakumwulizia tena hata siku moja. Ukikutana na shabiki wa Heroes popote pale, mtajie Caitlin kisha umtazame usoni.

Sasa ikafika siku ya kurudi, tarehe 22 Septemba 2008, sehemu mbili kwa usiku mmoja. Walikuwa wamesikia malalamiko. Watazamaji walisema tamthilia inatambaa, basi wao wakaamua kukimbia. Peter wa wakati ujao anampiga risasi ndugu yake Nathan. Sylar, muuaji tuliyemwogopa mwaka mzima, anaambiwa kwamba naye ni mtoto wa familia ya Petrelli, ya akina Peter na Nathan, na baadaye inabainika si kweli. Mohinder, mwanasayansi mpole, anajidunga dawa na kuanza kuota magamba. Baba yao Petrelli aliyedhaniwa marehemu yu hai. Niki amekufa lakini mwigizaji wake, Ali Larter, anarudi akiwa mwanamke mwingine wa sura ileile. Kila baada ya dakika kumi kuna mshtuko, na mshtuko wa pili unaufuta wa kwanza, kwa hiyo kufikia sehemu ya tano hujui tena nini cha kuhuzunikia.

(Hapo ndipo pia Matt Parkman, yule polisi, anatupwa katika jangwa la Afrika na kukutana na Usutu, mzee anayechora mambo yajayo kwenye miamba. Aliyemwigiza ni Ntare Mwine, Mmarekani mwenye asili ya jirani zetu Uganda, na kwa macho yangu alikuwa ndiye mtu mtulivu kuliko wote msimu ule. Wakamuua kabla hatujamzoea.)

Unajua timu ikifungwa mara tatu mfululizo hapa Kisumu, jukwaani watu hupiga kelele kwamba anunuliwe mfungaji, hata kama kila mpira unapotea katikati ya uwanja. Shabiki anajua panapomuuma, ila si kazi yake kujua chanzo. Watazamaji wa Heroes waliposema "polepole" walikuwa wanaeleza walivyojisikia, na walijisikia hivyo kwa sababu hapakuwa na swali linalowaunganisha wale wahusika. Kring na wenzake wakaongeza kasi. Swali halikupatikana.

Novemba 2008 watayarishaji wawili wakubwa, Jesse Alexander na Jeph Loeb, walifutwa kazi. Bryan Fuller akaitwa arudi. Alikuwa ameondoka baada ya msimu wa kwanza, na ndiye aliyeandika "Company Man", sehemu ambayo nikiwa na wanafunzi wapya huwa naitumia kabla ya kuwafunza chochote. Ilionyeshwa Februari 2007. Karibu yote inafanyika ndani ya nyumba moja kule Texas. Noah Bennet, babake Claire, pamoja na mkewe na watoto wao wametekwa sebuleni mwao na watu wawili: Ted, ambaye akipandwa na hasira mwili wake unatoa mionzi kama bomu la nyuklia, na Matt, anayesoma mawazo. Bennet ana siri ya miaka mingi kuhusu alivyompata binti yake wa kulea, na kwenye nyumba hiyo yumo mtu anayeweza kuisoma kichwani mwake. Kisengere nyuma kinaingia kwa picha nyeusi na nyeupe, kidogokidogo, kila kipande kikijibu kilichosemwa sebuleni dakika moja iliyotangulia. Hakuna mtu anayepaa. Mwisho wake sitausema, kwa kuwa huenda hujautazama, ila unahusu baba kuamua apoteze nini ili binti abaki salama.

Nguvu za ajabu zote zimo mle: mionzi, kusoma mawazo, msichana asiyekufa. Lakini zimefungiwa chumba kimoja na watu wenye jambo la kufichana. Hicho ndicho kipimo changu kwa tamthilia yoyote ya aina hii. Ikiweza kufungia watu wawili au watatu chumbani kwa dakika 40 nawe usiguse simu yako, ni nzima. Ikilazimika kulipua jengo ili usilale, ina ugonjwa, hata kama jengo lenyewe limelipuliwa kwa ustadi.

Heroes ilitulia kidogo Februari 2009 ilipoanza sura ya wakimbizi, lakini watu walikuwa wameshaondoka. Ilifika mwisho Februari 2010 na Mei mwaka huo ikafutwa rasmi. Kwa hiyo mpe kaka mkubwa alama zake zote.

Tuje kwa Arrow, na tuje kwa dadako. Alikuwa na haki ya kukasirika. Tuliokulia kwenye vibanda vya video, tukisikiliza DJ Afro akitutafsiria na kutuchekesha, tulilelewa kwamba steringi hafi. Laurel hakuwa steringi mkuu, lakini alikuwepo tangu sehemu ya kwanza kabisa mwaka 2012, na huwezi kumtoa mtu kama huyo hivihivi. Hata hivyo nadhani kifo chenyewe si kosa. Kosa lilifanyika miezi sita kabla yake, katika sehemu ya kwanza ya msimu wa nne.

Mnakumbuka inavyoishia: tunarushwa miezi sita mbele, Oliver, shujaa wetu wa mishale, amesimama mbele ya kaburi, Barry Allen wa tamthilia dada ya The Flash anafika kumpa pole, nasi hatuonyeshwi jina lililo juu ya jiwe. Taharuki nzuri sana. Watayarishaji baadaye walisema waziwazi kwamba walipolipiga picha lile kaburi hawakuwa wameamua nani yumo ndani.

Kwa mtu asiyeandika, hilo linaweza kuonekana kama ujanja. Kwa mwandishi ni kukopa bila kujua utalipa na nini. Ukijua tangu mwanzo kwamba ni Laurel, kila sehemu inayofuata unaweza kuweka kitu: ahadi anayoitoa, ugomvi na babake unaobaki nusu, jambo analolipanga kwa mwaka ujao. Usipojua, unabaki na watu sita au saba ambao yeyote kati yao anaweza kufa, basi humwandikii yeyote kifo chake. Ikafika sehemu ya 18, mmoja akachaguliwa, akafa hospitalini. Mtazamaji anahisi kifo hakikuota mizizi popote. Hawezi kusema kwa nini, anasema tu "wameboesha" na kuzima.

Uelewe pia mazingira ya kazi yao, kwa sababu yanaeleza mengi. Tamthilia ya aina ya Arrow, ya kituo kama The CW, ilikuwa na sehemu 23 kwa msimu. Waandishi hukutana katikati ya mwaka, Oktoba iko hewani, na kuanzia hapo wanakimbizana na kalenda: sehemu moja inaonyeshwa, nyingine inahaririwa, nyingine iko mbele ya kamera Vancouver, nyingine bado ni kadi zilizobandikwa ukutani. Wakigundua Januari kwamba hadithi imepotea njia, sehemu kama kumi na mbili zimeshatoka au zimeshapigwa picha. Hawawezi kurudi nyuma kung'oa. Ndiyo maana msimu ukiharibika huendelea kuharibika mpaka mwisho, na matengenezo ya kweli husubiri mapumziko.

Msimu wa nne ulikuwa na maradhi mengine, usidhani ni kaburi tu. Damien Darhk aliigizwa kwa raha zote na Neal McDonough, lakini alikuwa mchawi anayesimamisha mishale kwa kiganja, na shujaa wenu ni mtu wa mishale. Basi kila pambano lao lina jibu moja. Hapo ongeza mtaa mzima uliojengwa chini ya ardhi, makombora ya nyuklia, na Felicity, mchumba wa Oliver na mtaalamu wa kompyuta wa kikosi, anayepigwa risasi, anapooza, anawekewa kifaa mgongoni, kisha anainuka kutoka kiti cha magurudumu katikati ya ugomvi wa uchumba na kutoka nje kwa miguu yake. Nilicheka, na haikuwa sehemu ya kuchekesha.

Cha kushangaza ni kwamba waliousimamia msimu wa nne, Marc Guggenheim na Wendy Mericle, ndio waliousimamia wa tano. Hakuna aliyefukuzwa. Heroes ilifukuza watu na haikupona, Arrow ikabaki na walewale na ikapona, kwa hiyo ukisikia tamthilia imebadilisha uongozi usikimbilie kununua bando kwa sababu hiyo tu.

Walichofanya ni kupunguza. Uchawi ulikaa pembeni. Sehemu ya kwanza, iliyoonyeshwa tarehe 5 Oktoba 2016, waliikabidhi kwa James Bamford, aliyekuwa msimamizi wa mapigano, na unaliona hilo: ngumi zina uzito, watu wanachoka, ngazi zinapandwa kwa shida. Adui wa mwanzo, Tobias Church, ni jambazi wa mtaani anayetaka kutawala magenge ya jiji, basi. Ukiulizwa anataka nini unajibu kwa sentensi moja. Jaribu kumjibu mtu Darhk alitaka nini.

Kisha wakaanza kulipa madeni, na hapa ndipo ninapowavulia kofia. Mnaukumbuka mji wa Havenrock? Mwishoni mwa msimu wa nne Felicity aligeuza kombora lililokuwa linaelekea mji mkubwa, likaangukia mji mdogo, na maelfu ya watu wakafa. Tamthilia ikatikisa kichwa ikaendelea na safari, kana kwamba limepasuka puto. Msimu wa tano unamleta kijana anayeitwa Rory. Ndiye aliyenusurika Havenrock, kwa sababu babake alimfunika kwa matambara ya kale yenye nguvu zake. Anajiunga na kikosi. Anaketi kila siku karibu na Felicity, anamheshimu, hajui. Na Felicity anajua. Siku anayomwambia uso kwa uso hakuna kinacholipuka. Kijana anaondoka, na baadaye anarudi, na kurudi kwake kuna gharama. Wangeweza kujifanya Havenrock haikutokea, nasi tungewasamehe kwa furaha. Wao walilichukua jambo baya kuliko yote waliyoandika mwaka uliotangulia wakalifanya liwe na maana.

Adui mkuu wa msimu, Prometheus, naye ni deni lililokuja kudaiwa, la zamani zaidi. Mnakumbuka mwaka wa kwanza Oliver alikuwa na daftari la majina ya matajiri, anawakata mmoja baada ya mwingine, nasi tunashangilia? Hakuna aliyeuliza wale matajiri waliacha nani nyumbani. Prometheus anauliza. Hana haja na jiji, dunia, wala fedha. Anamtaka Oliver ajitazame. Sura iliyo nyuma ya barakoa sitaitaja, na ukiwa mtandaoni kwa sababu nyingine yoyote usilisake jina lake, kwa kuwa jibu litatokea hata kabla hujamaliza kuandika.

Sehemu ya 17 ndiyo iliyonishawishi kabisa. Inaitwa "Kapiushon". Oliver amefungwa minyororo, adui yuko mbele yake, na kwa sehemu kubwa ya muda ni wao wawili. Adui hataki siri za kikosi wala mahali pa maficho. Anataka Oliver akiri jambo moja kuhusu sababu iliyomfanya aue watu wote wale mwaka wa kwanza. Oliver anatoa majibu tuliyoyasikia tangu 2012: baba yangu, jiji langu, haki. Yote yanakataliwa. Kati ya vipigo tunapelekwa Urusi, kwenye kisengere nyuma, tunamwona Oliver kijana akifanya kazi hiyohiyo ya kuwahoji watu kwa mateso, na tunaanza kuona kwa nini jibu la kweli linamtisha. Likitoka mdomoni mwake, misimu minne iliyotangulia inabadilika rangi, pamoja na ile tuliyoishangilia. Ni chumba kimoja, watu wawili, na simu yangu sikuigusa.

Hata kisengere nyuma, ambacho tangu msimu wa tatu kilikuwa kimegeuka mzigo, hapa kina kazi. Huu ndio mwaka wa tano na wa mwisho wa kupotea kwake tangu meli yao ilipozama, na unaishia pale hasa hadithi ilipoanzia, kwenye kisiwa na ile mashua. Walikuwa na mahali pa kufika, na hilo peke yake huwapa waandishi adabu.

Msimu una kasoro, tusidanganyane. Wanafunzi wa Oliver ni wengi mno mwanzoni na mmoja wao, Rene, hupiga kelele kuliko anavyofikiri. Habari za Felicity na genge la wadukuzi zinavuta muda. Kumtafuta mrithi wa Laurel kulifanywa kwa sadfa ambayo mwalimu yeyote wa fasihi angeizungushia kalamu nyekundu. Na sehemu ya nane, ambayo ni ya mia tangu tamthilia ianze, imeunganishwa na tamthilia dada za The Flash na Legends of Tomorrow: hadithi ya wavamizi kutoka angani inaanzia kwenye Flash, inapita kwenye Arrow, inamalizikia kwenye Legends. Kama bando ni la kuhesabu, tazama hii ya Arrow peke yake. Utakosa wavamizi, lakini utapata Oliver akiota maisha ambayo angeishi kama ile meli isingezama, na hilo ndilo linalohusu msimu wenu.

Msirudie msimu wa nne ili kujikumbusha. Mnachohitaji ni hiki: Laurel aliuawa na Darhk, naye Oliver akamuua Darhk. Diggle, mwenzake Oliver kikosini, alimuua ndugu yake Andy, akajilaumu, akarudi jeshini. Thea, dadake Oliver, alichoka na barakoa akaacha. Oliver na Felicity waliachana kwa sababu alimficha kwamba ana mtoto wa kiume, William, ambaye mamake amemhamishia mbali. Oliver sasa ni meya. Na kuna jambo moja litakalowafanya mdhani mmejaziwa faili lisilo lenyewe: Diggle alikuwa na binti, Sara, na sasa mtasikia ana mtoto wa kiume. Si kosa lenu. Ni Barry kwenye The Flash aliyechezea wakati na kubadilisha maisha ya watu, na huku Arrow ndiye mtoto aliyelipia. Mimi nalihesabu kuwa ovyo, lakini halirudi kuwasumbua sana.

Dadako mwambie hivi tu: ataiona tena sura anayoipenda kabla msimu haujaisha, na asifurahi haraka.

Ukitaka kuipima tamthilia nyingine iliyoharibika kabla hujatoa pesa, usitumie vipande vya matangazo. Tangazo hutengenezwa kutokana na milipuko, na milipuko hata msimu mbovu inayo. Tafuta walichopunguza. Iron Fist ya Netflix ni mfano mwepesi. Msimu wa kwanza, Machi 2017, ulikuwa na sehemu 13 na mapigano ya kuaibisha. Mwigizaji mkuu Finn Jones alieleza kwamba alikuwa akifunzwa pambano dakika chache kabla ya kupigwa picha. Wa pili, Septemba 2018, ulikuwa na sehemu 10, mwandishi mkuu mpya Raven Metzner, na Clayton Barber akisimamia mapigano, nayo yakaonekana yamefanyiwa mazoezi. Sehemu tatu zilizokatwa zilikuwa dalili nzuri kuliko tangazo lolote. The Flash nayo, baada ya kutupa maadui watatu wa mbio misimu mitatu mfululizo, kwenye wa nne ilimleta mtu wa akili badala ya miguu. Wazo zuri, ila walilinyoosha mpaka likakatika.

Usitarajie pia kwamba tamthilia ikipona italipwa. Iron Fist ilifutwa tarehe 12 Oktoba 2018, wiki tano tu baada ya msimu wake mzuri kutoka, hadithi ikiwa imefunguka vizuri kuliko ilivyowahi kuwa. Arrow ilikuwa na bahati, ikaendelea hadi Januari 2020.

Kwa mfuko wenu: sehemu 23 za dakika 42 au zaidi kidogo ni kama saa 16. Nunueni bando la sehemu mbili kwanza, ya kwanza na ya pili. Ya kwanza itawaonyesha mapigano na Oliver anayeua tena, ya pili itawaonyesha wanafunzi wake, na kama hao wanafunzi watawaudhi kabisa mnaweza kuacha hapo bila hasara kubwa. Mkivumilia mpaka ya tano mtakuwa mmeshayaona ya Rory, na baada ya hapo sidhani kama mtahitaji ushauri wangu. Sehemu ya 17 itazameni watoto wakiwa wamelala. Ya 23 inaishia vibaya kwa makusudi, katikati ya moshi, na mtashikwa na hamu ya kufungua msimu wa sita usiku uleule. Fungueni sehemu yake ya kwanza mjue nani alitoka hai kisiwani, kisha mzime. Msimu wa sita ni swali jingine, na kaka yenu mkubwa ataufurahia sana.